Msamaha wa kodi kwa wajenzi wa miji: nani hunufaika, nani huhama?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu vivutio ambavyo serikali huwapa wanaojenga upya mitaa iliyochakaa. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao, na majina ya kampuni zinazolalamikiwa tumeyaondoa.

SWALI: Nina duka la vifaa vya umeme mjini Arusha na kila mwaka nakadiriwa kodi, nami nalipa kwa awamu. Nasikia ikisemwa kwamba wanaojenga majengo makubwa katikati ya miji wasamehewe kodi ili miji yetu ipendeze. Kwa nini msamaha uwe wao na mzigo uwe wangu? Je, ipo nchi iliyojaribu jambo hili, na ilipata nini? *Mfanyabiashara, Arusha*

JIBU: Ndugu mfanyabiashara, swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya barua nyingine yanalitegemea.

Hoja ya wanaotetea vivutio ni hii: mtaa ukishachakaa, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kujenga, kwa maana thamani ya jengo jipya hutegemea majirani zake, na ghorofa zuri lililozungukwa na magofu halipati wapangaji. Kila mwenye kiwanja humsubiri mwenzake, na mtaa mzima hulala. Serikali ikimpunguzia kodi yule anayethubutu kutangulia, inamfidia kwa hatari aliyoibeba. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini kodi iliyosamehewa ni fedha ya umma iliyotumika, sawasawa na fedha ya kujengea barabara au zahanati, ila barabara hujadiliwa bungeni katika bajeti ya kila mwaka, ilhali msamaha ukishapitishwa huendelea kimyakimya hadi mtu akumbuke kuuliza umegharimu kiasi gani.

Nchi ninayopenda kuitolea mfano ni Ayalandi, kwa sababu ilijaribu kwa ujasiri na kwa muda mrefu, na faida na hasara zake zimeonekana wazi. Katikati ya miaka ya 1980 jiji la Dublin lilikuwa na viwanja vitupu na maghala mabovu hatua chache kutoka mtaa mkuu, ajira zilikuwa haba, na vijana walikuwa wakihama nchi. Mwaka 1986 serikali ikatunga sheria ya kujenga upya miji, ikachora mipaka ya maeneo maalumu katika Dublin, Cork, Limerick, Galway na Waterford, na ikaunda mamlaka ya kusimamia eneo la bandari la Custom House Docks. Aliyejenga ndani ya mipaka hiyo aliweza kuondoa sehemu kubwa ya gharama za ujenzi katika mapato yake kabla ya kukadiriwa kodi, na jengo lake lilisamehewa kodi ya majengo ya halmashauri kwa miaka 10. Aliyejenga nyumba za kupangisha aliondoa gharama hizo katika mapato yake ya pango. Mfanyabiashara aliyepanga katika jengo jipya naye aliruhusiwa kuhesabu pango lake mara mbili, yaani akilipa 100 huiambia mamlaka ya kodi kwamba ametumia 200, na nafuu hiyo ilidumu miaka 10.

Majengo yalijengwa kweli, na leo eneo lile ni kituo cha mabenki na makampuni ya fedha kinachojulikana dunia nzima. Lakini nakuomba uitazame tena ile nafuu ya pango. Mwenye jengo alijua kwamba mpangaji wake anarudishiwa kitu na serikali, kwa hiyo akapandisha pango. Mwenye kiwanja naye alijua kwamba mwenye jengo atapata pango kubwa, akapandisha bei ya kiwanja. Fedha iliyokusudiwa kumvuta mjenzi ikateremka ngazi kwa ngazi hadi mfukoni mwa aliyekuwa akimiliki ardhi siku ramani ilipotangazwa, mtu ambaye pengine hakuongeza hata tofali moja. Jambo hili hutokea kila mahali ambapo msamaha umefungwa kwenye mipaka ya ramani, na ndilo ningependa kila diwani alielewe kabla hajainua mkono kupiga kura. Wakazi wa mitaa iliyopakana na bandari, ambao kazi zao za kupakua mizigo zilikuwa zimemalizwa na makontena, walibaki wakiyatazama majengo ya vioo ambamo ajira zilihitaji elimu wasiyokuwa nayo. Mwaka 1998 sheria ilirekebishwa, halmashauri zikatakiwa kuandaa kwanza mpango kamili wa eneo unaogusa ajira, elimu na maisha ya wakazi, ndipo msamaha utolewe.

Hata hivyo, mwaka huohuo 1998 mtindo ule ulipelekwa vijijini, katika wilaya za bonde la juu la mto Shannon, ambako tatizo lilikuwa upungufu wa watu wala si uhaba wa nyumba. Watu wa mijini walijenga huko ili kupunguza kodi zao. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, mitaa mipya ilibaki bila wakazi, na hesabu ya serikali ya mwaka 2010 ilikuta maeneo ya makazi 2,846 nchini kote ambayo ujenzi wake haujakamilika. Katika sensa ya mwaka 2011, asilimia 30.5 ya nyumba katika wilaya ya Leitrim, mojawapo ya zilizopewa msamaha, hazikuwa na wakazi, zikiwemo za mapumziko. Hakuna wilaya nyingine iliyofikia kiwango hicho. Si kosa la msamaha peke yake, kwani mabenki nayo yalikopesha bila kipimo, lakini msamaha uliwasukuma watu kujenga pasipokuwa na mahitaji. Serikali ilikwisha kuamua mwishoni mwa mwaka 2005 kuifunga mipango hiyo hatua kwa hatua, na ikachelewa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mimi sipingi msamaha wa kodi. Napinga msamaha usio na tarehe ya mwisho, usio na sharti lililoandikwa, na ambao orodha ya walionufaika haitangazwi. Mkijadili jambo hili katika chama chenu cha wafanyabiashara, ulizeni fedha iliyosamehewa ni kiasi gani na mjenzi anadaiwa nini asipotimiza ahadi. Msipojibiwa, mnayo haki ya kukataa.

SWALI: Baba yetu alituachia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huko Ilala, Dar es Salaam. Tuko warithi saba. Kampuni moja imekuja na mapendekezo ya kuibomoa na kujenga ghorofa nane kwa ubia; inasema itapata nafuu za serikali, na kwamba tukikataa, eneo litachukuliwa hata hivyo. Tunapewa wiki mbili kusaini. Tufanyeje? *Wana wa marehemu, Ilala*

JIBU: Poleni kwa msiba, na tafadhali msisaini. Mtu anayewapa wiki mbili kuamua juu ya mali iliyomchukua baba yenu maisha yake yote hawatakii mema, hata akiwa na karatasi nzuri.

Anzeni na mirathi. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, hakuna mmoja wenu mwenye mamlaka ya kuingia mkataba juu ya nyumba hiyo, na sahihi ya kaka mkubwa peke yake itawaletea ugomvi wa miaka. Msimamizi akishapatikana, tafuteni mthamini aliyesajiliwa, mlipeni wenyewe, awaambie kiwanja kina thamani gani leo. Watu wengi huitazama nyumba, wakaona kuta za udongo na bati lenye kutu, wakadhani hawana kitu, kumbe anayekuja na mkoba hanunui nyumba bali anatafuta mahali. Katika ubia kiwanja ndicho mtaji wenu, na mgawanyo wa ghorofa hauna budi kufuata thamani yake.

Kuhusu nafuu za serikali, kampuni haikuwaeleza yote. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 iliweka mtaji wa chini wa kupata cheti cha vivutio kuwa dola za Marekani 50,000 kwa Watanzania na 500,000 kwa wageni. Maana yake ni kwamba mkiamua ninyi wenyewe kujenga vyumba vinne vizuri nyuma ya uwanja, mkaweka choo cha kisasa na maji, mkaupunguzia mji uchakavu kwa mikono yenu, hamna cheti mtakachopata. Naliona hili kuwa dosari kubwa, kwa sababu miji yetu imejengwa na watu wa namna yenu, chumba baada ya chumba, na ndio wanaowapangisha vijana wanaoingia mjini. Lakini ndivyo ilivyoandikwa, nanyi mnaweza kuitumia kama hoja: ikiwa kampuni inapata msamaha kwa sababu ya ardhi yenu, sehemu ya faida hiyo ionekane katika mgawo wenu.

Tangu mwaka 2008 Tanzania inayo sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, inayowezesha fleti au duka moja ndani ya ghorofa kuwa na hati yake. Dai hati hizo kwa majina, na namba za sehemu ziandikwe kwenye mkataba kabla ya nyundo ya kwanza, maana maneno kama “mtapewa vyumba” hayana uzito mahakamani. Mkataba useme pia mtaishi wapi wakati wa ujenzi, nani atalipa pango hilo, na nini kitatokea ujenzi ukisimama ghorofa ya tatu. Majengo yaliyosimama ghorofa ya tatu mmeyaona wenyewe, na warithi wake hawana nyumba ya zamani wala mpya.

Tishio kwamba eneo litachukuliwa nalo lipimeni. Kampuni binafsi haina uwezo wa kutwaa ardhi. Serikali ikitwaa kwa manufaa ya umma, inatakiwa kulipa fidia kwa kufuata kanuni za mwaka 2001, ambazo zinahesabu thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi sawa na pango la miezi 36, usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20, na kwa mwenye biashara, faida anayoikosa kwa miezi 36. Wekeni hesabu hiyo mezani pamoja na ofa ya kampuni. Ikiwa ofa ni ndogo kuliko fidia ya serikali, mmeshapata jibu lenu.

SWALI: Nimeishi katika nyumba za kukodi za umma hapa Mombasa tangu nilipoolewa, na watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Tumeambiwa mtaa utavunjwa zijengwe nyumba za bei nafuu na kwamba sisi wa zamani tutapewa nafasi ya kwanza. Karatasi sijaona. Nafuu za serikali zinamlinda nani hasa, mjenzi au mimi? *Mama wa mjukuu mmoja, Mombasa*

JIBU: Bi mkubwa, shikamoo. Kwa kanuni za kodi, zinamlinda mjenzi. Kenya katika muongo uliopita iliweka kiwango cha asilimia 15 cha kodi ya mapato, badala ya asilimia 30 ya kawaida, kwa kampuni inayojenga angalau nyumba 100 kwa mwaka. Kanuni ile inahesabu nyumba. Haiulizi ni nani alikuwa akiishi pale kabla ya matingatinga kufika, wala ni nani ataingia baadaye. Ulinzi wako, basi, utautafuta kwenye mkataba baina ya serikali na mjenzi, na kwenye Katiba.

Nikueleze mifano miwili ambayo watu walirudi kweli, ili ujue kurudi kunawezekana na kunachukua muda gani. Katika Soweto Mashariki, Kibera, wakazi wa eneo la kwanza walihamishiwa mwaka 2009 kwenye nyumba 600 za muda zilizojengwa Lang'ata, umbali mfupi kutoka kwao, na nyumba 822 mpya zikakabidhiwa mwaka 2016. Ni miaka saba. Watoto walioondoka wakiwa darasa la kwanza walirudi wakiwa karibu na sekondari. Lakini walikuwa na mahali pa kungojea, jambo ambalo miradi mingi hulisahau. Dar es Salaam, wakazi wa Magomeni Kota walivunjiwa nyumba, mradi ukakwama, nao wakatawanyika mitaani wakipanga kwa watu kwa miaka mingi, hadi Rais Magufuli alipoagiza mwaka 2016 kwamba wajengewe. Fleti 656 zilizinduliwa na Rais Samia mwezi Machi 2022. Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, ni kwamba walijulikana: kaya 644, kwa idadi na kwa majina, na kila kiongozi aliyekuja alikutana na orodha ileile na watu walewale wakiishikilia.

Kwa hiyo kabla mtu hajahama, nyumba zote za mtaa wenu ziandikwe katika daftari moja: nani anaishi, tangu lini, risiti za pango ziko wapi. Nakala ibaki kwenu na nyingine ipokewe kwa mhuri katika ofisi ya kaunti. Kisha andikeni barua ya kuomba mkataba wenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ya upatikanaji wa habari inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Katika mkataba huo tazameni neno “nafasi ya kwanza” limefafanuliwaje, kwa kuwa nafasi ya kwanza ya kununua kitu usichokimudu haina faida kwako. Yapaswa kuandikwa bei kwa wakazi wa zamani, malipo ya mwezi, muda wa kulipa, na kama mtu wa umri wako asiyekopesheka benki ataruhusiwa kuendelea kuwa mpangaji. Ukiwa na mjukuu anayesoma, mpe kazi ya kuziandika barua hizo, naye aziweke nakala.

SWALI: Mtaani kwetu Morogoro barabara imewekwa lami na viwanja vimepanda bei mara moja. Je, serikali hurudishiwa chochote? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kidogo sana. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme wa mita yake, kwa kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida, iwe kando ya lami au kando ya korongo. Urahisi wake ni mkubwa, lakini kiwango hicho hakijui kwamba thamani ya mtaa wenu imepanda, na mwenye kiwanja kitupu kisicho na mita hakatwi kodi hiyo kabisa, ingawa hudaiwa pango la ardhi ikiwa kimepimwa na kumilikishwa. Hivyo umma unalipia lami, na ongezeko la bei hubaki kwa atakayeuza.

SWALI: Naishi London. Nimerithi pamoja na dada zangu nyumba katika Mji Mkongwe, Zanzibar. Ukuta mmoja umeanza kufura na boriti za ghorofa ya juu zimelika. Huku nasoma kwamba wenye nyumba za kihistoria katika nchi nyingine husaidiwa na serikali. Wanasaidiwaje, na kwetu ingefaa? *Mzanzibari, London*

JIBU: Ndugu yetu, Ufaransa ilianza mwaka 1962 kwa sheria ya kulinda mitaa ya kale. Leo mwenye jengo katika eneo linalolindwa hupunguziwa kodi kwa asilimia 22 au 30 ya gharama za ukarabati, kwa gharama zisizozidi euro 400,000 katika miaka minne, mradi kazi isimamiwe na wataalamu wa majengo ya serikali na jengo lipangishwe kwa miaka tisa. Marekani hutoa asilimia 20 ya gharama kwa majengo ya kihistoria yanayoingiza kipato, hugawanywa kwa miaka mitano, na mwenye kuuza kabla ya miaka mitano hurudisha sehemu. Sharti la kutouza ndilo ninalolipenda zaidi, kwani humkatisha tamaa anayekarabati ili aondoke na faida.

Kwa Zanzibar kuna tatizo moja la msingi: punguzo la kodi humfaa anayelipa kodi kubwa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni za wakfu, na kwa miongo mingi familia kadhaa ziliishi ndani ya jengo moja kwa pango dogo lisiloweza kununua hata chokaa. Wakfu au mjane mwenye vyumba viwili hawana kodi ya kupunguziwa. Wao wanahitaji ruzuku ya vifaa na fundi, au mkopo wa riba ndogo, ilhali punguzo la kodi likitangazwa peke yake litachukuliwa na wenye hoteli, na baraza walizokuwa wakikaa wazee zitakuwa za wageni. Mtaa wa kale uitwao Le Marais, jijini Paris, ulinusuriwa na sheria ile ya 1962, lakini mafundi na maskini waliokuwa wakiishi humo hawakuweza kubaki. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 pamoja na watu wake, na kuanguka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la mjini humo, mwezi Desemba 2020, kulikoua watu, kulituonyesha sote kwamba kusubiri nako kuna gharama.

Kwa nyumba yenu, msingoje kivutio. Andikeni ombi la kibali kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, na muwaombe waje wautazame ukuta kabla fundi hajaugusa. Ukuta unaofura mara nyingi umepigwa plasta ya saruji juu ya mawe ya matumbawe. Saruji huzuia unyevu usitoke, na chumvi huutafuna ukuta kwa ndani. Ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe chokaa. Kabla ya kubadili boriti, wekeni miega chini ya dari ya ghorofa hiyo, kwani boriti zilizolika huweza kuachia wakati wowote, na mvua za masika hazitawangoja mmalize kikao cha familia.